Mama Mdogo wa Kindness

...mama mdogo gani tena huyo, tumboni mwa mama yangu nilitoka peke yangu, lakini Mwalimu Clemence anaendelea tu, "mama mdogo wake hakosi kikao cha wazazi, yule mweupe mwenye mwanya, anauza mboga pale Bagara," khaa, Romana! jirani yangu Romana, ambaye tangu kuku wangu wamalize mchicha wake hatupeani hata salamu, ndiye anakalia kiti hiki kwa ajili ya mtoto wangu, ngoja nifike nyumbani, Kindness atanitambua leo, anieleze nani kamfundisha kuazima wazazi... "na yale macho, mama, hospitali wamesemaje?" macho gani, mimi nimekuja kugomba kwa nini mtoto anachelewa kurudi, "maana mama mdogo ndiye aligundua haoni ubaoni, nikamhamishia mbele, jioni namfundisha ziada kidogo, hisabati sasa anaiweza," haoni ubaoni, Mungu wangu, na mimi nilimchapa kwa hisabati hiyohiyo, nikamwita mzembe mbele ya wateja, akasimama pale katikati ya mitumba anafuta machozi, akasema mama, mwalimu anakuita kikao Ijumaa, nikamjibu Ijumaa nafungua robota jipya la mitumba, nguo zitajiuza zenyewe? kila akiniambia ni hivyohivyo, mara mnada, mara mzigo, mpaka akaacha kuniambia, na mimi mjinga nikafurahi, nikasema mtoto amekua, hanisumbui... kumbe alikwenda kusimama mlangoni kwa Romana, sijui alianzaje, shikamoo mama, naomba unisindikize shule, na Romana angeweza kumwambia kamwite mama yako mwenye kuku, wala asingekosea, lakini alijifunga kitenge akaja, akamtazama mtoto anavyokunja uso akisoma, mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikuona, inaniuma jamani, inaniuma kweli... "Mama Kindness, si mdogo wako yule?" nikisema si mdogo wangu mtoto ataitwa hapa sasa hivi, ataambiwa mwongo, atachapwa tena, na huyu mwalimu hatamwamini tena, "ndiye, mwalimu, ni mdogo wangu," nasema, mwongo wa nini, mtoto alihitaji mzazi, akaenda akatafuta.