Ua Linaloitwa Karani

Majina mengi ya mimea yana sababu zake. Mwarobaini husifiwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Kifauwongo ukiugusa hujikunja kama uliokata roho, ukienda zako unaamka. Fundi cherehani aliyajua hayo na alipenda kuyaeleza. Jina lililomkosesha raha lilikuwa moja tu, na lilikuwa uani kwake.

Mkewe aliuza miche kwenye makopo ya rangi, na kila mmea aliuita kwa jina la mtu aliyeukata nyumbani kwake akampa. Kulikuwa na Wifi, kulikuwa na Mkunga, na kulikuwa na Karani, ua jekundu la kutambaa alilopewa na karani wa posta, aliyewahi kumposa kabla ya Fundi. Mtaa mzima ulilijua kwa jina hilo.

"Mama, Karani yupo?" wateja waliuliza.

"Yupo, mwanangu. Usimweke juani sana, hapendi."

Kwenye cherehani, Fundi alijichoma kidole.

Siku moja alimnunulia mkewe waridi. Mkewe alifurahi, akalipa jina papo hapo: Dukani.

"Dukani! Na mimi niliyelibeba?"

"Umelikata kwako, baba?"

"Kwangu si ndiyo hapa?"

"Hapa kwangu. Kwako ni pale kwenye vitambaa," mkewe akasema, akicheka huku ameshika kiuno.

Jumamosi iliyofuata Karani mwenyewe akabisha hodi. Siku hizi alikuwa mgane, lakini shati lake lilikuwa limenyooka kwa pasi.

"Shemeji, lile ua kwangu lilikufa zamani. Naomba kipande."

"Njoo kesho nikukatie," mke akasema, na Fundi akamwona anaweka sawa mtandio.

"Usisumbuke," Fundi akadakia. "Nitakuletea mwenyewe."

Asubuhi alilikata, akalipanda kwenye kopo safi, akashika njia roho imetulia. Kwa Karani nako ua lingepata jina, na jina lingekuwa Fundi. Karani angemwagilia Fundi kila jioni, mpaka mwisho wa maisha yake.

Karani akalipokea kwa mikono miwili. "Nitaliita kwa jina la mkeo."

"Nimelikata mimi."

"Najua, ndugu yangu. Lakini limetoka kwake."

Kopo likabaki katikati, kila mmoja ameshika upande. Karani alivuta kidogo, kwa adabu. Fundi hakuachia.

Mkewe alimwona akirudi nalo. "Vipi, hukumkuta?"

"Nimemkuta. Anasema hana nafasi."

"Na uwanja wake ule ulivyo mkubwa?"

Fundi, aliyekuwa anaketi, akasimama tena. "Umeujuaje uwanja wake?"

Safari hii mkewe hakucheka. Alijifunga mtandio, akalichukua kopo mikononi mwa mumewe na kulipeleka mwenyewe.