Nane ya Kamande

Kamande ndiye mwalimu wa kwaya yetu hapa mtaani Section 58, na sifa yake kubwa ni kwamba ana kompyuta. Solfa, ile ya do-re-mi ambayo marehemu baba yangu alifundishia kwaya hii miaka ishirini, Kamande aliiita mambo ya wazee. Yeye huandika wimbo kwenye programu, programu inaupiga, kisha anatutumia kwa WhatsApp kila mtu ajifunze sauti yake akipika au akinyoa ndevu. Siku hizi kufundisha ni kubonyeza.

Sauti ya tatu, ya wanaume, huandikwa kwa ufunguo, ile alama ya mwanzo wa mstari, uleule wa wanawake, ila chini ya ufunguo huwekwa nane ndogo. Maana yake ni: imba oktava moja, yaani noti nane, chini. Kamande aliisahau. Alipokumbuka, akaichapa hapo kama maandishi ya kawaida tu. Kwenye karatasi ilipendeza, lakini programu haisomi mapambo. Inataka ubadilishe ufunguo wenyewe. Ikaendelea kupiga noti za wanaume kule juu kwa akina mama.

Mimi ndiye mpiga kinanda. Kosa nililisikia siku ya kwanza, nikanyamaza. Nilimdharau Kamande, na nilitaka aaibike mbele ya majaji wa mashindano.

Aliyepewa kuimba peke yake kipande cha sauti hiyo ni Makhanu, fundi wa magari, aliyeingoja nafasi hiyo miaka saba. Ni mtu mtiifu. Aliambiwa afuate simu, akafuata simu. Wiki tatu alijikamua kuimba huko juu akiwa chini ya magari ya watu, shingo imejaa mishipa, na Kamande akazidi kumwambia aongeze bidii. Mjinga akimfundisha mtiifu, kazi huharibika kwa bidii.

Asubuhi ya mashindano Makhanu alinijia, sauti ikikwaruza, akaomba nimpigie kipande chake. Nikakipiga chini, mahali pake halisi. Akajaribu kukifuata. Ilitoka pumzi tu.

Kamande, aliyetusikia, akatuonyesha karatasi. "Lakini nane si iko hapa?"

Nilimwambia hata mtoto angeichora, ila programu haikuisoma.

Makhanu hakumwangalia. Aliniuliza mimi, polepole, "Sister Cate, wewe ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

Akavua joho, akalikunja vizuri, akaenda kukaa na watazamaji. Kamande aliimba kipande cha Makhanu, vibaya, na mimi nikampigia kinanda.