Kitanda cha Nati Nane

Fundi Kipyegon alipima chumba mara mbili, kisha akapima mlango, akatikisa kichwa.

“Mlango ni nyembamba,” akasema. “Hii kitanda nitaipigia hapa hapa ndani. Ikishasimama, haitoki tena mpaka mvunje ukuta.”

Alilisema hilo kwa kuisifu kazi yake, na Wamuyu akaangua kicheko cha furaha. Kinyua, mumewe, hakucheka.

“Ngoja kwanza, fundi,” akasema. “Tutakuita.”

Kipyegon alikunja futi yake akaenda zake. Hakuitwa tena.

Mwaka ulikuwa wa 1954, na Kinyua alikuwa na sababu ya kuogopa kitanda kisichotoka. Alikuwa ameshona nguo kwenye baraza moja pale sokoni Roret kwa miaka sita. Nusu ya watoto wa shule wa Bureti walikaa darasani wamevaa mkono wake, na wazee wa kanisa walizikwa na makoti yake. Lakini alikuwa Mkikuyu, na mwaka ule, kwa sababu ya vita vya msituni, Wakikuyu walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa Nyeri na Kiambu, mwenye hatia na asiye na hatia, kama mahindi yasiyochambuliwa. Kinyua alikuwa na kibali. Mureithi, binamu yake wa Kimulot, naye alikuwa na kibali, tena chenye muhuri mkubwa zaidi. Siku mbili baada ya Mureithi kuchukuliwa, Kinyua alikwenda kule akakuta kitanda cha binamu yake kimetupwa uani, mvua inakinyeshea, na mtu asiyemjua anakipasua kuni. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kinyua alirudi Roret kichwa chake kikiwa kimeloa chote.

Kwa hiyo akapanda hadi Kericho, kwenye duka la Mhindi, akanunua kitanda cha chuma. Kilikuwa na kichwa, upande wa miguuni, vyuma viwili vya ubavuni, wavu wa springi, na nati nane. Alipewa na spana.

Wamuyu alikizunguka kitanda hicho bila kukigusa. Miaka miwili iliyopita, siku ya harusi, Kinyua alisimama mbele ya baba mkwe akaahidi kwamba binti huyu atalala juu ya kitanda cha mbao za mtarakwa kama mama yake. Tangu hapo alikuwa amelala juu ya masanduku ya sabuni yaliyotandikwa magunia. Mtarakwa ulimpa Wamuyu matumaini hata kwa jina. Kwao waliuita mutarakwa, na wenyeji wa hapa waliuita tarakwet, na siku aliyogundua hivyo alihisi kwamba labda huku si mbali sana na kwao.

“Hiki kinanuka duka,” akasema.

“Hiki kinafunguka,” Kinyua akajibu. “Lori likija, tunaondoka nacho. Mbao utaiacha.”

“Na lisipokuja?”

Swali hilo Kinyua hakuwa amewahi kulifikiria.

Akaanza mazoezi. Ndiyo, mazoezi, mtu mzima na akili zake! Kila Jumapili baada ya ibada alitoa spana akakifungua kitanda mpaka vyuma vikalala sakafuni, kisha akakifunga upya. Mara ya kwanza alitumia robo saa. Baada ya mwezi alitumia dakika saba, akatoka nje akiwa na uso wa mshindi. Na ili zile dakika zipungue zaidi, nati hakuzikaza. Alizizungusha kwa vidole tu. Matokeo yake kitanda kilitikisika mtu akikohoa, kikalia mtu akigeuka, na mke na mume wakajifunza kulala wamekakamaa, kila mmoja upande wake, wakisubiri kisikike chuma au lisikike lori.

Malori yalikuwa mengi. Yalipita yale ya majani ya chai kutoka mashamba ya Wazungu, yale ya magogo kutoka Mau, yale ya maziwa. Kinyua aliyasikia yote. Mguu wake ulisimama juu ya cherehani, sindano ikabaki ndani ya kitambaa, naye akanyoosha shingo mpaka lipite. Suruali alizoshona mwaka ule zilikuwa na mishono iliyokatika katikati.

Kisha kikatokea kisa cha Jumamosi. Kinyua aliona kutu imeanza, maana unyevu wa huku hauna adabu, basi akakitoa kitanda vipande vipande akakiegemeza ukutani apake mafuta. Ilikuwa siku ya soko. Chepkemoi, aliyekuwa amemletea kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye, alisimama akavitazama vile vyuma, akashusha kikapu.

“Fundi, nipe tu kitambaa yangu.”

“Bado sijakata, mama. Jumatano itakuwa tayari.”

“Jumatano utakuwa wapi, na kitanda imefunguliwa hivyo? Mmeambiwa mwende?”

“Hatujaambiwa chochote!”

“Haya,” akasema kwa huruma, na mkono wake ukabaki umenyooshwa.

Kabla ya saa sita wateja wanane walikuwa wamechukua vitambaa vyao. Mwingine alimwachia Wamuyu kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kama ya kuaga, akamshika mkono akasema Mungu awatangulie. Baraza likabaki na cherehani na vipande vya uzi. Hakuna aliyewafukuza. Watu walikuwa wameona wenyewe mtu amejifungasha, wakamwamini.

Siku hiyo ndipo Wamuyu alipozungumza. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

“Mimi naomba jambo moja tu,” akasema. “Mwite Kipyegon. Acha watu waone mbao zikiingia nyumbani mwetu. Acha mimi nizione.”

“Na tukichukuliwa?”

“Basi tutachukuliwa. Lakini mpaka siku hiyo nitakuwa nimekaa mahali.”

Kinyua alimpenda mkewe, hilo halina ubishi. Alifika hadi kwenye karakana ya Kipyegon, akazishika mbao za mtarakwa zilizopangwa zikikauka, akazinusa. Lori likapita barabarani. Akaziachilia, akasema atarudi mvua ikipungua. Kericho na Bomet, mvua ipungue! Alijua anachosema.

Lori lilikuja Jumanne asubuhi, mwezi wa nane tangu chuma kiingie. Askari wawili walipita mlango hadi mlango. Wakikuyu wote wa soko walitakiwa uwanjani, sasa hivi. Na hapo Kinyua, jambo la ajabu, alitulia kuliko siku zote. Alikuwa tayari. Akaingia chumbani na spana. Dakika sita! Akabeba kichwa cha kitanda begani, akarudi akabeba upande wa miguuni, akavipanga kando ya lori, jasho likimtoka. Watu wa soko walisimama wakitazama. Kipyegon naye alikuwepo, kofia mkononi.

“Hii ni nini?” askari akauliza.

“Kitanda, afande. Kinafunguka. Hakichukui nafasi.”

“Mtu mmoja, mzigo moja. Ile ya kubeba na kichwa. Hukusikia?”

“Ni vyuma vinne tu na wavu, afande. Tazama—”

“Nimesema mzigo moja!”

Askari akavisukuma vile vyuma kwa buti, vikaanguka kwenye matope kwa kishindo. Kinyua alivitazama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wake ulikuwa pale. Akarudi nyumbani akafungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, akakifunga kwa shuka, huo ukawa mzigo wake. Wamuyu alibeba nguo za mtoto ambaye hajazaliwa.

“Nitakuwekea hizi chuma, fundi,” Kipyegon akasema.

“Chukua,” Kinyua akasema. “Lalia.”

Walipandishwa. Wamuyu aliketi juu ya sakafu ya lori, mgongo kwenye ubao, mikono juu ya tumbo. Lilipokwisha kuipita ile karakana ndipo aliposema, polepole, bila hasira, na heri angekuwa na hasira.

“Miezi minane tumelala safarini. Na safari yenyewe haikutaka kitanda.”

Kinyua alijua kwamba neno pole halitoshi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amejiandaa ili wasimwondoe mkewe mikono mitupu, na sasa alielewa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwondoa, miezi minane kabla ya serikali.