Kona Iliyonyooshwa

Verlie Stidham alikuwa amepiga magoti akiparua magugu kwenye kaburi la mwanawe, kwa jembe lililovunjika mpini, pale Pruitt, mhandisi wa jimbo aliyetumwa kunyoosha barabara, alipopanda kilima na buti zake mpya.

"Bibi, hii ndiyo bustani yako?"

"Ni makaburi. Huyu Lonnie wangu. Wale wakwe zangu."

Katika milima ile ya Kentucky, kaburi la maskini haliachwi liote nyasi. Kila Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, ukoo hupanda na mafagio, huparua mpaka ubaki udongo mtupu, kisha watu hula kuku wa kukaanga papo hapo, karibu na wafu wao. Kichwani huwekwa jiwe la mtoni lisilo na maandishi, kwani wenyewe wanajua nani ni nani. Verlie alikuwa ameparua vizuri mno. Bidii ilimponza.

"Mimi naona mawe," Pruitt akasema. "Majina yako wapi?"

"Ninayo mimi."

"Basi hapana makaburi hapa."

Barabara yenyewe ilichongwa na babamkwe wake na wenziwe, kwa sururu, bila ujira. Walipofika makaburini wakaipindisha ikawa kona, maana mwenye adabu hapiti juu ya kifua cha mwenzake. Baadaye jimbo likaja, likabandika namba, likajiita mjenzi. Mjenzi gani huyo, hata shimo moja halikuziba! Lonnie, mtoto wa miaka tisa, alikata roho garini akipelekwa hospitali, magurudumu yamezama kwenye tope la barabara hiyo hiyo. Sasa mgodi wa makaa umefunguliwa ng'ambo, malori yana haraka, na waheshimiwa wamegundua ghafla kwamba kona ni hatari.

Tingatinga likaja. Lami ikamwagwa juu ya makaburi. Seneta akakata utepe, barabara ikapewa jina lake.

Mei ilipofika, Verlie alikwenda na ufagio wake. Darvin, mwana wa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, askari wa kaunti, akamzuia.

"Mama mdogo, toka barabarani."

"Nimekuja kumpamba Lonnie."

"Najua. Lakini nimetumwa."

"Mamako alikula hapa kila Mei, wewe ukiwa tumboni."

Darvin alikuwa na bastola kiunoni, na aibu, na mshahara wa kulinda. Verlie akachomeka msalaba wa mbao ukingoni mwa lami, safari hii ameuandika jina la Lonnie, akautundikia maua ya plastiki.

Vibarua wa jimbo waliuona. Kwao, msalaba kando ya barabara maana yake ni ajali. Wakaung'oa, kwa kuwa ni marufuku kusimamisha kitu pale, wakaweka bango lao la chuma: ENDESHA KWA UANGALIFU. KWA KUMBUKUMBU YA DEREVA LONNIE STIDHAM.

Verlie alilisoma bango mara mbili. Lori la makaa likashuka kilima bila kupunguza mwendo, likampitia mtoto kifuani, likaenda zake mgodini.