Vidole Viwili vya Maji

Meli ile ilikuwa mali ya reli, na mtu asikudanganye kwamba ilikuwa ya maji. Mabaharia wake walivaa kofia za reli. Blanketi za daraja la kwanza zilichapwa nembo ya gurudumu, vikombe vya chai vilikuwa na gurudumu hilohilo, na msafiri alikata tiketi moja tu huko bara, akashuka treni, akavuka gati, akapanda meli bila kuulizwa neno. Hata yenyewe ililetwa ziwani kwa treni, vipande vipande, kila bamba na namba yake, ikaungwa ufukweni kwa ribiti, yaani misumari minene ya kushikanisha mabamba, zisizo na idadi. Baba yake Majivu, mchochea makaa wa meli hiyo, alikuwa mmoja wa waliozigonga ribiti hizo, na alikufa kiziwi kwa sababu ya kelele zake.

Kwa hiyo reli ilipogoma, meli nayo ilipaswa kugoma. Shida ni kwamba treni na meli hazigomi namna moja. Dereva wa treni akikasirika, moto wake anaumwaga shimoni, anafuta mikono, anakwenda zake. Boila la meli ile lilikuwa kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na mgomo ulitangazwa saa nne asubuhi, wakati meli ndiyo kwanza imefunga kamba gatini, mvuke umejaa, na abiria mia tatu wamekaa sitahani juu ya mizigo yao wakingoja treni ambayo haitakuja. Boila la namna hiyo huwezi kulipa kisogo tu.

Katibu wa mgomo, fundi wa taa za stesheni, mtu mwelewa, alikubaliana na wachochea makaa wa meli: wote watoke, abaki mmoja wa kulipoza. Wakavuta njiti za kiberiti. Njiti fupi ikamwangukia Majivu, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hata akioga mara tatu shingo yake ilibaki na rangi ya kazi.

"Bahati hii ningekuwa nayo kwenye kuoa, ningekuwa mbali," alisema. Wenzake wakacheka, wakapanda ngazi, wakamwacha peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya saa sita. Aufunike moto kwa vumbi la makaa lililoloweshwa, ufe taratibu. Autoe mvuke kidogo kidogo. Na kwa kuwa mvuke unaotoka ni maji yanayopungua, aifungulie pampu kila mara ili kurudisha yaliyotoka. Usoni mwa boila kulikuwa na bomba la kioo lililoonesha maji yamesimama wapi. Yakiwa juu ya vidole viwili kutoka chini ya kioo, salama. Yakishuka chini ya hapo, paa la tanuri linabaki kavu, chuma kinalegea, na boila linapasuka na kila kilicho juu yake. Wachochea makaa wote walilijua hilo kama wanavyojua majina ya mama zao.

Saa saba mchana dada yake alifika. Majivu alisikia sauti juu ya ngazi, kisha akaona bakuli la chakula likiteremshwa kwa kitambaa.

"Kaka! Kula, usije ukasema hukuletewa."

"Mtoto umemwacha na nani?"

"Ninaye mgongoni."

"Nenda nyumbani, dada. Leo si siku ya kuzurura."

"Jua lote hili? Nitakaa hapa kivulini na abiria. Likipoa nitakwenda."

Alitaka kubishana naye, lakini kioo kilikuwa kinamwita, naye akarudi kwenye pampu. Angempandia ngazi na kumfukuza, pengine mambo yangekwenda vingine. Hakumfukuza.

Sasa, moto ukifunikwa vumbi bichi la makaa hutoa moshi mweusi mzito. Moshi huo ulipanda kwenye dohani, ukasimama juu ya mji mzima. Na pale stesheni walikuwapo wanaume wanane wa gangi ya njia, wale wanaolaza mataruma chini ya reli na kugonga misumari, ambao tangu asubuhi walikuwa wakipigwa virungu na polisi getini. Mmoja jicho lilikuwa limepasuliwa, kalifunika kwa kofia yake. Katibu, mtu pekee pale aliyejua habari ya njiti za kiberiti, alikuwa ameshatupwa kwenye gari la polisi, meno yake mawili yakibaki barabarani. Watu wakautazama moshi.

"Meli inaondoka," mmoja alisema.

"Kuna mtu anachochea."

"Basi tukamchochee na yeye."

Aliyesema hilo la mwisho alikuwa Nyundo, mume wa dada yake Majivu. Lazima niseme Nyundo alikuwa mtu wa namna gani, maana waliosimulia baadaye walimfanya ama malaika ama mhuni. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa. Mwaka mmoja kabla, mvuke ulipomchoma Majivu nyayo, ni Nyundo aliyembeba mgongoni kutoka gatini hadi zahanati, akimtania njia nzima kwamba ana uzito wa mama mkwe. Lakini siku ile alikuwa amemwona katibu akiburutwa, na macho yalikuwa yamemwiva.

Waliparamia gati na nyundo na mitaimbo. Abiria walipiga mayowe, wakafungua njia. Dada alimwona mumewe akipita, akamwita. Hakugeuka.

Wa kwanza kushuka ngazi alipokewa na bapa la beleshi usoni, akaanguka chali juu ya makaa. Majivu alidhani ni watu wa kampuni waliokuja kumtoa. Wa pili alimshushia mtaimbo begani, mfupa ukalia kama kuni kavu, na mkono wa kushoto ukafa hapohapo. Wakamkamata shingo. Akamng'ata mmoja mpaka akasikia ladha ya damu ya mwenzake. Wakambamiza kwenye mlango wa tanuri, ngozi ya mgongo ikashika kwenye chuma, naye akapiga ukelele ambao wenyewe walisema walishindwa kuusahau.

Kisha Nyundo akafika chini, akamtambua.

"Wewe? Shemeji, ni wewe unayetuuza?"

"Siuzi mtu! Nalipoza! Niacheni niongeze maji!"

Mvuke uliokuwa ukitoka ulinguruma kiasi kwamba maneno yalifika nusunusu. Nyundo aliinua kichwa, akasikiliza. Pampu ilikuwa inapiga tuk, tuk, tuk.

"Injini inazunguka hiyo!"

"Si injini! Ni pampu! Nyundo, ni pampu ya maji!"

"Unaniona mjinga? Moshi huo juu, mashine hiyo inakwenda, halafu unaniambia mnagoma?"

Akaigeukia pampu. Akatanua miguu kama alivyofanya kila siku ya kazi relini, akainua ile nyundo ya ratili kumi na nne juu ya bega.

Majivu alitazama kioo. Vidole viwili. Chini kidogo ya viwili, maana pampu ilikuwa wazi nusu tu na mvuke uliendelea kutoka. Juu ya kichwa chake, upande wa pili wa bamba moja la chuma, walikuwapo watu mia tatu, na dada yake kivulini, na mtoto. Alijirusha kutoka mikononi mwa waliomshika, akaokota beleshi kwa mkono mmoja uliobaki. Palikuwa na nafasi ya pigo moja tu. Hakupiga kwa bapa. Alipiga kwa ncha, nyuma ya sikio.

Nyundo alianguka. Damu yake ilifika kwenye bamba la moto chini ya tanuri, ikachemka.

Wenzake walimrukia Majivu. Walimpiga mateke ya mbavu, wakamvunja tatu, wakamkanyaga uso. Lakini yeye alikuwa ameshaikumbatia vali ya pampu kwa mkono mmoja, akaifungulia mpaka mwisho, akaning'inia pale kama kupe huku wakimpiga. Walichoka wao. Ndipo mmoja aliposema, "Nyundo hainuki." Wakamwacha Majivu, wakambeba mwenzao, wakampandisha kwenye ngazi nyembamba kichwa kikining'inia, hadi sitahani, mbele ya mkewe.

Maji yalipanda vidole vitatu, vinne, sita. Saa kumi jioni boila lilikuwa limetulia kama sufuria iliyoepuliwa. Halikupasuka. Hilo ndilo lililomponza Majivu, maana kitu kisichotokea hakina shahidi.

Wachochea makaa wenzake walimtetea. Walieleza habari ya njiti, ya moshi, ya pampu. Watu wa njia wakasema wa meli wanalindana. Mgomo ulivunjika siku ya tano, na kampuni ikamaliza kazi: ilizuia Majivu asishtakiwe kwa kifo cha Nyundo, ikasoma barua ya sifa mbele ya wafanyakazi wote, kwa mtumishi mwaminifu aliyelinda mali ya reli dhidi ya wahuni, na ikampandisha kuwa mkuu wa wachochea makaa. Majivu alisimama pale mkono ukiwa kwenye kitambaa, akisikiliza sifa hizo kama mtu anayetemewa mate. Toka siku ile hakuna aliyekaa naye benchi moja.

Wiki ya tatu, asubuhi, meli ikiwa gatini na mvuke ukipanda kwa safari, dada yake alishuka ile ngazi kwa mara ya kwanza maishani. Alishuka kinyumenyume, mtoto mgongoni. Hakumwamkia.

"Nioneshe," alisema.

Akamwonesha. Hii pampu. Hapa alisimama. Hapa niliokota beleshi. Sakafu ilikuwa imesuguliwa. Mwisho akamleta kwenye kioo, akaweka ukucha wake chini kabisa.

"Maji yalikuwa hapa. Angeivunja pampu, mngekufa wote. Wewe na huyo mtoto."

Dada alikitazama kioo muda mrefu. Maji yalikuwa yamesimama juu, meupe, yametulia.

"Mbona yamejaa?"

"Niliyajaza, dada."

"Nani mwingine aliyeyaona yakiwa hapo?"

Majivu aliondoa ukucha kwenye kioo. Aliwakumbuka wote waliokuwa mle chini siku ile, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejua kioo kile kina kazi gani.

"Mimi," alisema. "Niliyaona mimi."

Dada akafuta kioo kwa upindo wa nguo yake, kama mtu anayetaka kuona vizuri zaidi, akatazama tena. Kisha akashika ngazi. Mtoto alimtazama mjomba wake kutoka mgongoni, mpaka miguu ya mama yake ikapotea juu.

Majivu aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza amfuate. Akageuka kutazama kioo. Maji yalikuwa yameshuka kidole kimoja, akarudi kwenye pampu.