Barua ya Kumsifu Mtani

Mimi ndiye niliyemfunga Likwata, na sikukusudia. Hukumu ilitoka kwa hakimu, lakini iliyomponza ni kauli yangu, mimi ambaye kuanzia Nangurukuru hadi Kiranjeranje hakuna anayeniweza kwa mashairi. Nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu. Anayebisha aje na daftari lake.

Ukoo wa Likwata na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hamsemi mwenzake vizuri. Msibani kwetu yeye ndiye anayecheka, ndiye anayelala kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Alipofariki babu yangu, Likwata alikwenda mbali zaidi. Aliona pikipiki imeegeshwa nje, akaishika usukani, akatangaza mbele ya waombolezaji wote kwamba hairudishi mpaka tumpelekee jogoo. Akaisukuma kilomita sita hadi Nangurukuru, kwa sababu kuendesha hajui, akaagiza chai na chapati, akaketi juu ya pikipiki kumngoja jogoo.

Pikipiki haikuwa yetu. Ilikuwa ya Optatus, bwana shamba mpya, mgeni kutoka mkoa wa mbali, aliyekuja kutoa pole. Kwao hakuna desturi hiyo. Badala ya jogoo akapeleka polisi.

Mahakamani niliitwa shahidi wa utetezi. Hakimu, naye mgeni, akauliza, "Unamfahamu mshitakiwa?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Ningefanyaje?

"Namfahamu, mheshimiwa. Ni mwizi tangu tumboni. Alizaliwa ameshika bangili ya mkunga."

Watu walicheka mpaka benchi likapinduka. Likwata alicheka kuliko wote. Hakimu hakucheka. Aliandika. Miaka mitatu.

Mwaka ulipopita, Mwanaima, mke wa Likwata, alikuja barazani kwangu na kalamu na karatasi mbili. Afisa ustawi wa gereza, mama mmoja aitwaye Getrude, alikuwa amemsaidia mumewe kuandika ombi la msamaha wa Rais. Ilitakiwa barua ya mtu asiye ndugu, anayemjua mfungwa vizuri. Maombi yanaondoka Alhamisi.

"Yassini, ulimfunga kwa mdomo, utamfungua kwa mkono," akasema. "Na uandike kistaarabu. Ukiweka tusi hata moja, wallahi nahamia hapa na watoto wangu wote watano."

"Mtani hasifiwi, Mwanaima. Ni kama kumvua nguo hadharani."

"Mvue! Mikorosho haijapuliziwa dawa, huu msimu wa pili. Andika."

Nikaandika. Kila sifa ilinitoka kama jino. Likwata ni mwadilifu. Likwata ana moyo wa upole. Nilipofika "mchapakazi", Mwanaima mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alikohoa.

Alhamisi tukaenda gerezani. Getrude aliisoma barua kwa sauti mbele ya Likwata, ili ajue kinachoambatishwa kabla hajatia sahihi ombi lake. Kwenye "moyo wa upole" Likwata akashika ukingo wa meza.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

"Basi unaumwa. Mtani, unaumwa nini? Usinifiche."

"Mzima kama unavyoniona."

Uso wake ukabadilika. "Basi umevunja utani. Nimekukosea nini? Babu yako nilimcheka vizuri, kaburini nililala, jela nimekaa kwa ajili yake, leo unaniita mwadilifu? Mbele ya askari?" Akaisukuma kalamu. "Sitii sahihi. Bora nimalize miaka yangu na heshima yangu."

"Likwata!" Mwanaima akapiga kelele. "Heshima utawapikia watoto?"

Getrude akatazama saa ya ukutani. "Gari linaondoka saa nane. Sasa ni saba na robo."

Nilipandwa na hasira. Mtu kuikataa barua yangu! Niliichana vipande vinne.

"Naomba karatasi nyingine, mama."

Nikaandika bila kufuta hata herufi:

"Mheshimiwa, mtu huyu ni mvivu, mwoga na mpumbavu, na kwa sababu hizo hawezi kuwa mwizi. Mwizi hupanda pikipiki akakimbia. Huyu aliisukuma juani kwa sababu hata kuiwasha hajui. Mwizi hujificha. Huyu alijitangaza msibani, kisha akakaa njia panda, mabasi yote yanaposimama, akiwatajia wauza chapati jina lake na la baba yake. Mwizi hutaka mali. Huyu alitaka jogoo. Niliyoyasema mahakamani yalikuwa utani wa kwetu, na kosa la kutomweleza hakimu ni langu, si lake. Huko aliko anakula chakula cha serikali bure. Mrudisheni, tuna kazi naye."

Chini nikaongeza mistari miwili, kwa sababu mimi ni mimi:

Likwata ana uvivu, hata kulala achoka,
mwili umejaa jivu, kuoga hajakumbuka.

Getrude alipomaliza kusoma aligeukia dirishani, mabega yakitikisika. "Ile ya kwanza ningeweza kumwambatishia mfungwa yeyote," akasema alipopata pumzi. "Hii ni ya huyu peke yake."

Likwata alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati. "Nimeoga jana!"

"Mwongo," nikamwambia, naye akatia sahihi.

Miezi minne baadaye msamaha ukatoka, jina lake likiwemo. Tulikwenda kumpokea Nangurukuru. Alishuka kwenye basi, akamkumbatia Mwanaima, akanitazama toka juu mpaka chini, akawauliza wenye vibanda kama mimi ni mtu au kinyago cha kufukuzia ndege. Kisha akanichomolea daftari kwapani, mashairi ya miaka mitano, nakala sina, akatangaza kwa sauti, "Mpaka jogoo!" Akaondoka nalo.

Damu ilinichemka. Daftari lile! Sikumbuki nilivyotembea, nilijikuta kituo cha polisi, mbele ya kaunta. Askari akafungua kitabu chake.

"Aliyechukua nani?"

"Likwata."

"Unamfahamu?"

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, tamu, lenye vina na mizani. Askari alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi.

Nikalimeza.

"Samahani, afande," nikasema. "Hapa karibu, jogoo wanauza wapi?"