Waridi Kwenye Mkono wa Osea

Osea alirudi Ihanda kutoka vitani Burma mwaka 1946, akiwa na miguu yote miwili, mikono yote miwili, na ua la waridi kwenye mkono wa kushoto. Kwa miguu na mikono tulimshukuru Mungu. Ua ndilo lililotaka kunikosesha mume.

Hakulionyesha kwa kutaka. Alikuja kumsaidia baba yangu, Mzee Raphaeli, kupalilia mibuni, jua likamzidi, akakunja mikono ya shati. Chini kidogo ya kiwiko nikaliona: ua limechanua, limechanjwa kwa sindano na wino mweusi, pamoja na kikonyo chake na majani. Nikamuuliza ni la nani.

"Lako," akasema.

Ningeishia hapo, ningeolewa kwa amani. Lakini mimi tangu utotoni, ukinipa kitu nakipindua kwanza nione kimetoboka wapi. Mawaridi Ihanda yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye bustani ya misheni, na aliyeyamwagilia maji alikuwa Priska. Priska mwenye sauti ya kwaya, Priska aliyewahi kutembea na Osea kabla yangu. Mimi waridi nililijua kwa kuchungulia uzioni.

Tena kwetu ngozi haichanjwi bure. Bibi yangu alikuwa na chale kwenye paji la uso, na kila mstari ulikuwa na habari yake: huu wa kuvunja ungo, huu wa ukoo wa mumewe. Sasa mtu akae achomwe sindano mchana kutwa kwa ajili ya urembo tu, nani angekubali?

Nikamwambia mama, naye mama hana kifuniko. Baba akaenda kumuuliza Hezron, mfanyabiashara wa Tunduma aliyekuja kununua mahindi, kwa sababu alikuwa amefanya kazi migodini Ndola na aliona michoro mingi kwenye mikono ya watu.

"Waridi ni lugha, mzee wangu," Hezron akasema. "Likiwa bado tumba, mtu anatamani. Likichanua, amekwisha kupata. Likiwa na miiba, wamegombana."

"La Osea halina miiba," baba akasema.

"Basi wanaelewana," Hezron akajibu, akapiga funda la togwa.

Mwinjilisti wetu alijaribu kututuliza. Alisema waridi ni damu ya Mwokozi, na huenda kijana alikuwa akiomba. Baba akamuuliza, kama ni maombi, mbona anayaficha kwenye mkono wa shati? Akatangaza kwamba Jumamosi Osea aje aseme ua ni la nani, la sivyo ng'ombe wa mahari watarudi kwao na mimi nitabaki nyumbani. Siku zote hizo Osea akinisalimia, nililiitikia jembe.

Jumamosi wakakaa barazani: baba, Osea, mjomba wake, na Hezron ambaye hakualikwa. Mimi nilikaa mlangoni pa jiko napukuchua mahindi.

"Ni la nani?" baba akauliza.

"La Ketrina, baba," akasema, akinitazama pale mlangoni.

Hezron akacheka. "Ketrina amepanda waridi lini?"

Baba akaomba mkono. Akaushika kama anavyoshika tawi la mbuni akitafuta ugonjwa wa kutu, akaugeuzia kwenye mwanga. Hakuanza na ua. Baba hakuwa na imani na maua. Alizoea kusema ua la mbuni hukaa siku mbili tatu likaanguka, lakini jani litakuambia hali ya mti mwaka mzima. Akatazama muda mrefu.

"Haya majani yamekaa mawili mawili, yanatazamana," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na ukingo wake hauna meno. Una mawimbi."

"Ndiyo."

"Hili ni jani la mbuni."

Osea akainamisha kichwa. "Nilipoondoka mibuni ilikuwa imechanua. Ketrina alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba, maua yakamwangukia kichwani. Nilipofika Kalkata, kule India, nikamwambia fundi wa kuchanja aniwekee ua la kahawa. Hakuwahi kuliona. Alikuwa na kitabu cha picha, akanichanja waridi la humo kabla sijamwelewa. Basi majani nikamchorea mwenyewe, chini, kwa kijiti. Majani aliyapatia."

Hezron akakumbuka magunia yake, akaondoka. Baba akasema harusi iko pale pale, akachukua mkasi wake wa kupogolea na kwenda shambani.

Nilibaki na mahindi mapajani, nikaona aibu hata ya kusimama. Nimezaliwa katikati ya mibuni ile. Jani lake ningelitambua kwa vidole, macho yamefumbwa. Baba alilijua mara moja. Mimi niliyechorewa sikulitazama, kwa kuwa muda wote nilikuwa namtazama Priska.

Nikamwendea Osea. "Kwa nini hukuniambia?" nikasema kwa ukali, maana ukali ndio pekee niliokuwa nao.

Osea alikuwa ameshusha mkono wa shati, anafunga kifungo. "Nilikuambia, Ketrina. Siku ile ya kwanza nilikuambia ni lako."

Nikamshika mkono, nikakifungua tena kile kifungo.